Kati ya Mvuke na Nyota

Kimaiyo alirudi mazoezini wiki ile ile aliyomzika mdogo wake, Kipkemei. Hakuna aliyemwita. Alitoka kazini, akafika kwenye chumba chao katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akaona godoro la Kipkemei limekunjwa na kuegemezwa ukutani, akaendelea kutembea mpaka akajikuta uwanjani.

Mwaka ulikuwa 1957, na Nakuru ilikuwa na timu mbili ambazo watu walizibishania kuliko nyingine zote. Mvuke ilikuwa timu ya watu wa reli: mafundi wa karakana, magadi wa treni, wapakiaji wa mizigo, watu waliotoka kila upande wa nchi wakaja kulala katika vyumba vilivyofanana. Nyota ilikuwa timu ya mtaa wa Bondeni, timu ya vijana waliozaliwa mjini, watoto wa Wanubi na Wasomali na Waswahili ambao babu zao walifika zamani wakakaa, pamoja na yeyote aliyeoa au kupanga huko. Kimaiyo alikuwa golikipa wa Mvuke. Kipkemei alikuwa winga wa kulia wa timu hiyo hiyo, na mbio zake zilikuwa zikiwanyamazisha watu wa Bondeni kila alipopata mpira.

Mvua za Aprili zilipoanza, Kipkemei alishikwa na kifua. Kimaiyo alikuwa gadi wa treni za mizigo, siku nyingi yuko njiani kwenda Kisumu au kurudi, na kila aliporudi alimkuta mdogo wake hospitalini amekonda zaidi. Mara ya mwisho alikuta kitanda kimetandikwa shuka safi na hakuna mtu. Muuguzi akamweleza kwa upole. Kimaiyo alimshukuru, akauliza vitu vya ndugu yake viko wapi, akavichukua, akaenda kwa karani wa reli kuomba ruhusa ya kusafirisha maiti. Yote hayo aliyafanya kwa utaratibu mzuri, na watu wakamsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza. Alikuwa anangoja uchungu uje, nao haukuja. Mahali ulipopaswa kukaa palikuwa na kitu kama ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

Walimzika kwao, milimani juu ya Ravine. Mvuke ilimtuma kapteni wake, Masinde, fundi wa boila kutoka Kakamega, mtu mzima mwenye mabega mapana na maneno machache. Masinde alikuja na wachezaji wawili. Alisimama nyuma wakati wa sala, halafu akachukua koleo, akafukia kaburi mpaka mwisho bila kumwachia mtu. Alipomaliza aliifuta ile koleo kwa majani, akampa Kimaiyo mkono, akasema, "Pole." Kisha akashuka na wenzake kuwahi treni, kwa sababu kesho yake walikuwa zamu.

Nyota walikuja wakiwa wamechelewa. Walikuwa wamejazana katika lori la mjomba wa Dualeh, mshambuliaji wao, na njiani polisi waliwasimamisha kwenye kizuizi, maana ilikuwa bado Hali ya Hatari na lori la vijana wa mjini lilitia shaka. Walishushwa wote, vipande vyao vya utambulisho vikakaguliwa kimoja kimoja, wakaulizwa wanakwenda kuzika nani na wanamjuaje. Saad, kapteni wao, alisema baadaye kwamba alimwambia askari ukweli: tunakwenda kumzika mtu aliyetufunga. Walipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Walipanga mstari wakamwomba radhi mama yake Kimaiyo, kila mtu kwa kinywa chake. Khadijo, mama yake Saad, alikuja na wanawake wengine na masufuria na gunia la mchele, wakawasha moto uani kama watu wa nyumba hiyo. Walilala huko. Walisimulia habari za Kipkemei mpaka mama akacheka akilia. Kimaiyo alikaa katikati yao akiwa ameshika kikombe cha chai, akasikiliza kana kwamba wanamzungumzia mtu wa kijiji kingine.

Kwa hiyo jioni ile uwanjani alikuwa na hayo mawili akilini. Masinde alimwona akija, akamwonyesha kwa kidole mahali pake katika mstari. Wakakimbia kuzunguka uwanja kama kawaida. Baada ya hapo Masinde akafungua sanduku la jezi, kwa sababu kesho yake palikuwa na mechi, akazigawa. Jezi za Mvuke zilikuwa za bluu, zimepigwa pasi, na kila mchezaji alikabidhiwa ya nafasi yake. Ile nambari saba alipewa Kiprugut, mpakiaji wa mizigo ambaye msimu mzima alikuwa akingojea nje. Kiprugut aliipokea bila kuinua macho. Begani ilikuwa na mshono wa uzi mweusi. Kipkemei aliishona mwenyewe alipoipasua kwenye uzio, na alishona vibaya.

Kimaiyo aliuangalia ule mshono ukipanda na kushuka kwenye bega la mtu mwingine. Alisubiri kuona kama atakasirika. Hakukasirika. Alirudi golini, akadaka mipira aliyopigiwa.

Alichezea Mvuke mechi kadhaa baada ya hapo, na alicheza vizuri. Hakuna aliyemtaja Kipkemei mbele yake. Saad ndiye aliyemfuata sokoni Jumamosi moja, akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni, kwa sababu kazi yake ilikuwa ushonaji. Alimuuliza habari za mama, za nyumbani, za mahindi. Kisha akasema:

"Njoo kwetu, Kimaiyo. Sisi hatuna golikipa, na wewe unakaa peke yako kule landi kama mfungwa."

Kimaiyo alisema atafikiri. Kwa kweli hakufikiri. Jumatatu alimwendea Masinde karakanani, akamwambia anahamia Nyota. Masinde alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa chenye mafuta. Aliendelea kupangusa kidole baada ya kidole.

"Kuna mtu amekukosea?"

"Hapana, Kapteni."

"Basi sawa. Sweta ya golikipa ni ya klabu. Uirudishe imefuliwa."

Kimaiyo aliifua, akaianika, akairudisha. Huo ndio uliokuwa mwisho wa miaka yake Mvuke.

Bondeni walimpokea kwa makelele. Kabla ya mazoezi ya kwanza alikalishwa barazani kwa kina Saad, akapewa chai ya maziwa na mahamri, na watu wakaja kumtazama. Ilipokaribia jioni ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba wana mazoezi. Walikwenda uwanjani wakibishana njia nzima, wakafika, wakabishana tena nani ana mpira. Mpira ulikuwa kwa Dualeh, na Dualeh alikuwa bado anakula.

Kwa kuwa hakuwa na la kuhisi, Kimaiyo alitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya akili yake miezi ile. Alikuwa mtu aliyezijua timu mbili kwa ndani, na alizilinganisha kama mtu anayepima vitambaa viwili kwa vidole gizani.

Mvuke, ukikosea, Masinde alilitaja kosa lako mara moja, mbele ya wote, akilitaja na jina lako. "Micah, umeacha mtu wako." Likishatajwa limekwisha, na mwenye kulirudia kwa mzaha alikaripiwa. Nyota hakuna aliyekutajia kosa uwanjani. Walikupigapiga mgongo, wakasema ni bahati mbaya. Lakini kosa hilo lingeimbwa harusini, na lingeimbwa tena harusi ya mwaka ujao, mpaka watoto wasiokuwapo walijue. Mvuke jezi zililala pamoja katika sanduku moja lenye kufuli. Nyota kila mtu alikwenda na yake nyumbani, ikafuliwa na mama au dada, kwa hiyo siku ya mechi walitoka na kijani za kila namna, nyingine imepauka kama jani la kabichi. Mvuke mpira ulipigwa mbali na mapema, kwa mtu aliyejulikana atakuwa wapi. Nyota ulipitishwa karibu karibu, mguu kwa mguu, na kila mmoja alitaka kuukalia kidogo kabla ya kuuachia. Golikipa wa Mvuke alihitaji maneno machache tu kuwaamuru mabeki wake. Golikipa wa Nyota alihitaji majina, na kila beki alikuwa na lakabu ambayo lazima uijue, kwani ukimwita kwa jina la kipande hageuki.

Wakishindwa, Mvuke walivaa nguo zao wakaenda makwao kimya, na Jumatatu walikimbia mizunguko zaidi. Nyota wakishindwa walikaa pamoja mpaka giza, wakamlaumu refa, wakalaumu uwanja, wakalaumu upepo wa ziwani unaoleta vumbi jeupe la magadi machoni, wakacheka, na Jumatatu nusu yao hawakuja.

Mwanzoni alidhani amejua jibu. Kule aliacha mawe, huku amepata watu. Khadijo alimwekea sahani yake kila Ijumaa, na hakuingia nyumbani mwao bila kuulizwa, "Vipi moyo, mwanangu?" Lakini aliona pia kwamba walimuuliza wote kwa pamoja, na kabla hajafungua mdomo mtu mwingine alikuwa ameshaingia na habari nyingine. Halafu ikaja harusi ya Dualeh na Mastura, na Bondeni nzima ikageuka upande huo. Kwa majuma mengi hakuna aliyemtaja Kipkemei tena. Hawakuwa na ubaya. Walimwomboleza kwa moyo wote, wakamaliza. Kimaiyo alikuwa hajaanza.

Alifanya kazi, alidaka mipira, alikula alichopewa. Usiku alilala vizuri, na hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote.

Mvuke na Nyota zilikutana mwezi wa Septemba. Ulikuwa msimu wa kiangazi kirefu, na upepo ulikuwa ukiyazoa magadi ufukweni na kuyamwaga mjini, hata watu waliokuja kutazama walikuwa na nyusi nyeupe. Upande mmoja wa uwanja walikaa watu wa reli na wake zao, upande wa pili Bondeni na ngoma zao. Kimaiyo alisimama katika goli la Nyota. Watu wa reli walimzomea kidogo, wakaacha, kwa kuwa alikuwa mfiwa.

Nyota walitangulia kwa goli la Dualeh kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili Mvuke walishambulia bila kupumzika, kwa ile njia yao ya mpira mrefu. Zikiwa zimebaki dakika chache, Micah aliupiga mpira kutoka katikati ya uwanja ukampita beki wa kushoto wa Nyota, na Kiprugut akauwahi. Alikuwa peke yake. Aliusukuma mbele kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, na Kimaiyo akaona kwamba anaweza kuufikia. Alitoka. Alijitupa miguuni pake akiwa na macho kwenye mpira tu, akaukumbatia, na mwili wa Kiprugut ukapita juu yake. Ulisikika mlio mfupi, mkavu.

Ngoma za Bondeni zililia kwa sababu goli lilikuwa limeokolewa. Halafu zikanyamaza, moja baada ya nyingine, kadiri watu walivyoona.

Kiprugut alilala chali, mguu wake chini ya goti umekaa vibaya. Hakupiga kelele. Alikuwa akipumua kwa haraka, na nambari saba ilikuwa ikipanda na kushuka. Kimaiyo aliketi vumbini bado amekumbatia mpira. Alijua kwamba anatakiwa kuinuka, lakini mikono haikuuachia mpira.

Masinde alifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Alipiga magoti, akapokea kijiti cha bendera ya kona ambacho mtu alimletea, akafungua kamba za njumu zake mwenyewe, akaufunga ule mguu kwenye kijiti kwa mikono ya mtu aliyezoea kufunga mabomba. Alikuwa akimsemesha Kiprugut chini kwa chini muda wote. Watu walipombeba, Masinde aligeuka.

"Ulikwenda kwa mpira," alimwambia Kimaiyo. "Mimi nimeona. Rudi golini."

Kimaiyo akarudi golini. Nyota wakashinda. Watu walimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka Bondeni, na jambo pekee alilolihisi ni mifupa ya mabega yao ikimgonga mapajani.

Jioni ile ile vijana walitunga wimbo. Ulikuwa na mdundo mzuri, na ulihusu winga wa reli aliyevunjika kama kijiti cha kiberiti. Kimaiyo aliusikia akiwa barazani kwa kina Saad. Alingoja kidogo, kisha akamwambia Saad awaambie waache.

"Ni mchezo tu, ndugu yangu. Kesho watasahau."

"Waambie waache, Saad."

Hakupandisha sauti, lakini Saad alimtazama, akavaa viatu, akatoka. Wimbo ukakoma katika mtaa ule. Baadaye ukasikika kwa mbali katika mtaa wa pili.

Jumapili, baada ya kanisa, Kimaiyo alikwenda hospitalini. Alisita mlangoni pa wodi, kwa sababu ilikuwa wodi ile ile. Kiprugut alikuwa kitanda cha dirishani, mguu wake kwenye plasta umeinuliwa kwa kamba. Pembeni yake aliketi Masinde, amekunja mikono ya shati, ana wembe na bakuli la maji ya sabuni. Alikuwa anamnyoa. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akapitisha wembe polepole, akaupangusa kwenye taulo, akaupitisha tena. Hawakuwa wanazungumza. Alipomwona Kimaiyo alimaliza upande uliobaki, akafunga vyombo vyake kwenye kitambaa, akasema anakwenda kumwaga maji.

Kimaiyo alikaa kwenye kile kiti. Alitaka kuomba radhi, na Kiprugut akamtangulia, akasema hana neno naye, mpira ulikuwa wa golikipa. Kisha Kiprugut akasema jambo ambalo yaonekana alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Mimi sikuitaka ile jezi. Nilimwambia Kapteni anipe nyingine, au nicheze bila nambari. Alikataa."

"Alisema nini?"

"Alisema nikiivaa mimi, kila mechi watu watasema Kipkemei alikuwa na mbio zaidi. Akasema hicho ndicho anachotaka waseme." Kiprugut alijaribu kujigeuza, akashindwa. "Na kweli walisema. Kila nilipogusa mpira. Huwezi kujua ilivyokuwa ngumu."

Kimaiyo alitoka nje. Masinde alikuwa ameketi kwenye benchi la baraza, bakuli limefunikwa kando yake, anatazama mti wa msonobari uliokuwa uani. Kimaiyo aliketi ncha ya pili ya benchi. Alikumbuka sasa kwamba kila alipokuja kumwona ndugu yake kutoka safarini, uso wa Kipkemei ulikuwa laini na safi. Alikuwa amedhani ni wauguzi.

"Kapteni. Ulikuwa unamnyoa Kipkemei pia?"

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

Masinde alilisogeza lile bakuli karibu naye.

"Sikujua niseme vipi," alisema. "Ningekuja nikuambie nini? Kwamba nilimnyoa mdogo wako? Mimi si mtu wa maneno. Na wewe pia hukuuliza kitu. Ulikuja mazoezini, nikasema huyu anataka kukimbia, tukimbie."

Kimaiyo akauliza kama Kipkemei alikuwa akizungumza siku zile.

"Alikuwa anauliza treni yako iko wapi. Karakanani tunajua ratiba, kwa hiyo nilimwambia. Sasa iko Londiani. Sasa iko Molo. Akisikia hivyo anatulia. Siku ile ya mwisho aliniuliza tena, nikamwambia iko Njoro, inaingia sasa hivi."

"Ilikuwa Njoro kweli?"

"Ilikuwa imechelewa. Sikujua iko wapi." Masinde aliangalia mikono yake. "Nilimwambia Njoro."

Wagonjwa wawili walipita wakisaidiana kutembea. Kimaiyo alisikia kila neno na kulielewa, na bado hakulia. Ila aliona kwamba mikono yake imeshika ukingo wa benchi kwa nguvu, na kwamba inamuuma. Alikaa nayo hivyo, ikimuuma, mpaka Masinde akasema lazima aende zamu, akachukua bakuli lake akaondoka.

Alirudi Bondeni kwa miguu, kupitia barabara ya nyuma, akiwaza. Miezi yote alikuwa amezipima zile timu mbili kama vitu vilivyokuwa nje yake, akiuliza ipi inayojua kumpenda mtu. Mvuke walikuwa wamempenda Kipkemei kwa mikono na kufunga midomo. Nyota walikuwa wamempenda kwa midomo, wakakesha wakimsimulia, wakamaliza. Kila upande ulimpa kile ulichokuwa nacho, naye Kimaiyo alikaa katikati akingoja apewe kile kingine. Alimhukumu Masinde kwa kutosema. Lakini yeye mwenyewe hakuwa amesema neno. Mbele ya watu wa reli alinyamaza kwa kuwa hawakumuuliza, na mbele ya watu wa Bondeni alinyamaza kwa kuwa walimuuliza kwa haraka. Hakuna timu ambayo ingeweza kumfanyia hilo.

Wazo hilo halikumfurahisha wala kumhuzunisha. Lilikuwa tu limenyooka, na aliweza kutembea nalo.

Alipofika kwa kina Saad aliwakuta wamejaa barazani kama kawaida, wakicheza bao. Akawaambia kwamba Kiprugut yuko hospitalini na hana ndugu mjini, na anayekwenda kumwona ni Masinde peke yake. Hawakuwa wamelifikiria. Ilikuwa kama mtu amewasha taa. Saad alisimama, akasema wamefanya aibu, na mara ubishi ukaanza juu ya nani atakwenda na nani atabeba nini. Kimaiyo akasema waende wachache. Wote wakakubali.

Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika Jumatano, walikwenda karibu wote. Khadijo alitangulia na sufuria la pilau limefungwa kwa kanga. Dualeh na Mastura walikuja wamevaa kama wanakwenda Idi. Waliingia wodini kwa sauti, wakasalimia kila kitanda, wakauliza kila mgonjwa anaumwa nini na ametoka wapi. Saad alimwambia Kiprugut mbele ya watu wote kwamba ule wimbo ulikuwa upumbavu na kwamba atakayeuimba harusini atatolewa. Kisha akaanza kumwigiza refa wa ile mechi, akiitafuta filimbi mifukoni, na Kiprugut akacheka mpaka akaomba aachwe kwa sababu mguu unauma. Masinde alikuwapo na bakuli lake. Alibanwa ukutani na wanawake wa Bondeni, akawekewa sahani mkononi bila kuulizwa, akala akiwa amesimama. Muuguzi mkuu, Rahab, alikuja akawaambia kwa ukali kwamba hii si hoteli, wabaki wawili tu. Ilichukua muda mrefu kuamua ni akina nani, na kwa muda huo wote walibaki.

Mwishoni walibaki Khadijo na Kimaiyo. Kiprugut alikuwa amesinzia. Khadijo alikuwa akikusanya sahani na kuzifunga, na alimuuliza vile alivyomuuliza siku zote, bila kuinua kichwa:

"Vipi moyo, mwanangu?"

Zamani angesema salama, na mambo yangekwisha hapo. Safari hii hakusema salama. Alisema kwamba hajui. Akasema tangu Aprili hajalia hata mara moja, na anaogopa kuna kitu kimeharibika ndani yake. Khadijo aliacha sahani. Alifungua mdomo aseme neno, na Kimaiyo akamwomba angoje kwanza, asimkatize.

Akamweleza. Alianza na kitanda kilichotandikwa shuka safi, akarudi nyuma mpaka walipokuwa wakichunga mbuzi juu ya Ravine na Kipkemei akawa anashindana mbio na ng'ombe wa jirani, akaja tena mbele mpaka siku walipoingia Mvuke pamoja na Masinde akasema mmoja ana mikono na mwingine ana miguu. Alisimulia vibaya, akichanganya mambo, akirudia. Sauti yake ilikuwa bapa, kama ya karani anayesoma majina. Khadijo alisikiliza mpaka mwisho, naye alikuwa mtu ambaye hajawahi kusikiliza kitu mpaka mwisho.

Kengele ya kumaliza muda wa wageni ililia. Khadijo alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akajitwika sufuria, akamwambia Ijumaa aje mapema, kabla nyumba haijajaa, amwambie yaliyobaki.

Kimaiyo alisema atakuja, kama treni haitachelewa. Kisha akamfunika Kiprugut blanketi mpaka mabegani, akalisogeza bakuli la sabuni lisije likagongwa, akatoka kwenda landi kuvaa sare. Treni ya Kisumu ilikuwa inaondoka jioni ile.